Vizuri, Lakini Si Vizuri Sana

Bahasha ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kando ya sufuria ya sombe, na mama alikuwa ameilaza kifudifudi ili jina lililoandikwa juu yake lisionekane. Ilikuwa siku ya tatu tangu iletwe. Aliponipigia simu alisema tu kwamba serikali imemwandikia, na kwamba nije kabla mwanawe hajatoka kwenda kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Hii karatasi inanikosesha usingizi."

Mimi ni mtu wa Kigoma. Yeye ni wa Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alivuka Tanganyika mwishoni mwa 1996 akiwa na watoto wawili, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 20, na sasa anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, katika nyumba ya kupanga upande wa kusini mwa jiji. Huko ukisimama kituo cha basi alfajiri, watu wanapotoka zamu ya usiku na wengine wanaingia ya asubuhi, unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili mara tatu kabla basi halijafika. Mimi ni mkalimani. Nakaa kati ya mgonjwa na daktari, kati ya mzazi na mwalimu, na kazi hiyo imenifanya nipende kujua kitu kimoja ambacho watu wengi hawakipi uzito: serikali inajuaje kwamba sisi tupo, na kwamba tunahitaji mtu wa kukaa kati yetu na wao?

Jibu lilikuwa ndani ya ile bahasha. Lilikuwa dodoso la Ofisi ya Sensa ya Marekani liitwalo American Community Survey, ambalo hupelekwa kila mwaka kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 nchi nzima. Mwanawe, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa kambini, ndiye aliyeshika kalamu. Alikwenda haraka: majina, umri, vyumba vingapi, gari lipo au halipo. Alipofika kwenye lugha alisoma kimoyomoyo, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, wanauliza Kiingereza yako iko namna gani."

"Andika nzuri."

Kijana akaweka alama kwenye kisanduku cha juu kabisa. Kisanduku hicho kinasema: vizuri sana.

Nilimwomba aiweke kalamu chini kidogo. Nikamuuliza mama, "Wiki iliyopita kule kliniki, kabla sijafika, daktari alikuuliza kitu. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia yes."

"Alikuwa ameuliza nini?"

Akanitazama, akatazama sufuria. "Sijui, baba."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya kile kisanduku cha juu. Naamini kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili wa Marekani, na hasa ndugu zetu wa Kongo walio wengi katika miji kama huu, tunajinyima wenyewe haki kubwa kwa majibu mawili mafupi: tunaposema Kiingereza chetu ni kizuri kuliko kilivyo, na tunapotaja lugha moja ya nyumbani ilhali nyumba ina tatu. Majibu hayo tunayatoa kwa heshima na nia njema, lakini mtu wa takwimu aliyeko Washington haoni nia. Anaona alama ya kalamu.

Tuangalie kwanza jinsi swali lenyewe lilivyojengwa. Lina sehemu tatu, na limekuwa na sura hiyo tangu sensa ya 1980. Kwanza linauliza kama mtu huyu anasema lugha nyingine nyumbani mbali na Kiingereza. Akisema ndiyo, linauliza ni lugha gani, na hapo kuna nafasi moja ya kuandika. Halafu linauliza mtu huyo anasema Kiingereza vizuri kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hasemi kabisa. Linaulizwa kwa kila mtu wa miaka 5 na kuendelea. Wanaojibu kwamba wanatumia lugha nyingine nyumbani si wachache: mwaka 2019 walikuwa watu milioni 67.8, karibu mara tatu ya wale wa 1980.

Sasa, mtu akisoma majibu yale manne atadhani mstari wa kugawa unapita katikati: wawili wa juu wanajua, wawili wa chini hawajui. Sivyo. Mstari unapita chini ya kile kisanduku cha kwanza. Aliyejibu "vizuri sana" anahesabiwa kuwa anakijua Kiingereza. Aliyejibu "vizuri" anawekwa pamoja na wasiojua vya kutosha, yaani wale wanaohitaji msaada wa lugha. Si uamuzi wa kukisia. Mwaka 1982 Ofisi ya Sensa iliwapima watu Kiingereza na kulinganisha matokeo na majibu yao. Waliojisema "vizuri sana" walifanya karibu sawa na waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, na waliosema "vizuri" walionekana kuwa na shida ya kweli. Kwa hiyo neno dogo "sana" ndilo lango, na yule mama wa Fizi alikuwa amepitishwa langoni na mwanawe kwa sekunde mbili.

Hapa ndipo utamaduni wetu unapogongana na karatasi. Mswahili akiulizwa habari hajibu habari, anajibu salamu. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri sana, tunamshukuru Mungu. Ndipo baadaye, salamu zikiisha, anasema: nzuri, ila mtoto ana homa tangu juzi na kodi ya nyumba imepanda. Neno "nzuri" kwetu ni mkeka wa kumkaribishia mgeni. Kuanza na shida ni kukosa adabu. Mtu aliyelelewa hivyo miaka 50, ukimwekea mbele karatasi yenye muhuri wa serikali inayouliza "vizuri kiasi gani?", atafanya alivyofundishwa na bibi yake. Atatandika mkeka. Na karatasi haina nafasi ya "ila".

Juu ya adabu kuna aibu, na juu ya aibu kuna hofu. Aibu naijua vizuri: mwanamume aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, aliyekuwa akisimama mbele ya darasa na kuongea Kifaransa, leo anapanga mizigo usiku na kuambiwa maneno kwa ishara za vidole. Ukimuuliza kama Kiingereza chake "si vizuri" unamgusa palipo na donda. Hofu nayo ina sababu. Wengi wetu tumeishi ambako kuandikwa jina ni hatari, na hapa wanasikia kwamba uraia unahitaji mtihani wa Kiingereza. Wanafikiri aliyekiri kwenye dodoso kwamba hajui, jina lake litapelekwa kwa watu wa uhamiaji. Hilo haliruhusiwi. Majibu ya sensa yanalindwa na sheria ya shirikisho, ile wanayoiita Title 13, na mfanyakazi anayetoa siri ya mtu anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Hata majibu ya sensa kuu yenye majina hayafunguliwi mpaka ipite miaka 72. Nalisema hili kila ninapoweza, makanisani na kwenye harusi, maana hofu hii nimeikuta hata kwa watu waliosoma.

Lakini kuna jambo la nne ambalo sijasikia likisemwa, nalo naliona kubwa kuliko yote matatu. Dodoso hujazwa na mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Limeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kihispania. Basi katika nyumba ya Wakongo, nani atalijaza? Yule anayekijua Kiingereza kuliko wote, na mara nyingi ni kijana. Kijana huyo anampenda mama yake. Amemwona akisimamia foleni ya unga Nyarugusu, akiuza mboga, akilea watoto wa marehemu dada yake. Hataki kuandika kwenye karatasi ya serikali kwamba mama yake hajui kitu. Tena kwa masikio yake, mama anasema Kiingereza: anasema thank you, anasema God bless, anajua bei za dukani. Swali linalotakiwa kupima upungufu wa lugha linajibiwa na mtu ambaye hana upungufu huo, na mwenye kila sababu ya upendo ya kuuficha.

Na nyumba moja si nyumba moja. Kwa kuwa dodoso linachukua sampuli, kila familia inayojibu inasimama badala ya familia nyingine nyingi ambazo hazikuandikiwa. Kwa wasemaji wa Kihispania wa Texas kosa la nyumba kumi linamezwa na wingi. Kwa jamii ndogo kama yetu katika jimbo la Kentucky, nyumba kumi zikijibu "vizuri sana" kwa heshima, zinaweza kuwafuta watu mamia kwenye jedwali.

Mtu atauliza, kufutwa kwenye jedwali kunaumiza nini? Kunaumiza pale kliniki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumkalisha mtoto darasani asikoelewa lugha, bila kumsaidia, ni kuivunja sheria hiyo. Kutoka hapo mlango ulifunguka hadi hospitali na ofisi. Sheria ya afya ya 2010 iliongeza nguvu: mgonjwa ana haki ya mkalimani mwenye ujuzi, bure, na hospitali hairuhusiwi kumtumia mtoto mdogo kukalimani isipokuwa kwa muda tu, katika dharura ya kuokoa maisha. Kanuni ya 2024 ya sheria hiyo inadai watoa huduma watangaze msaada huo kwa lugha 15 zinazosemwa zaidi na wasiojua Kiingereza vya kutosha katika jimbo lao. Angalia maneno hayo: wasiojua Kiingereza vya kutosha. Kiswahili hakihesabiwi humo kwa wingi wa wasemaji wake. Kinahesabiwa kwa wale tu ambao hawakutia alama kile kisanduku cha juu. Kila "vizuri sana" ya uongo inakisukuma chini kwenye orodha.

Kwa upande wa kura, hapa hata ukweli wetu hautusaidii. Sehemu ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura inayolazimisha karatasi za kura kwa lugha nyingine, iliyoongezwa 1975, inataja Kihispania, lugha za Waasia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo, hata wasemaji wawe laki.

Sasa niende kwenye lile jibu la pili, jina la lugha, kwa sababu hapo kuna utajiri na kuna mkanganyiko.

Yule mama anazungumza Kibembe na dada yake kwenye simu, kila Jumapili, saa nzima. Na watoto wake anaongea Kiswahili, maana ndicho walichokulia Nyarugusu, ambako Mbembe, Mfuliiru na Mtanzania wa sokoni walikutana katika lugha hiyo moja. Watoto wanamjibu kwa Kiswahili, na wao kwa wao wanaongea Kiingereza. Jirani yake wa ghorofa ya juu anaongea Kinyamulenge ndani, Kiswahili kwenye ngazi. Mwingine ana Mashi. Familia ya nne imetoka kambi za Uganda na inachanganya Kinyarwanda na Kiswahili katika sentensi moja. Ukiwauliza wote wanne lugha yao ni ipi, mbele ya mtu mwenye faili, wote watasema: Kiswahili. Wamejifunza kwamba hilo ndilo jina ambalo mtu wa ofisi analitambua. Kibembe ukilitaja unaulizwa liandikweje, kisha unaulizwa tena, kisha mtu anaandika anachotaka.

Na kweli wamekuwa wakiandika wanachotaka. Katika orodha ya zamani ya lugha ya Ofisi ya Sensa kulikuwa na lugha iitwayo Bantu, kana kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akasema Kibantu. Na idara ya afya ilipotoa mifano ya matangazo ya ukalimani, tangazo moja lilikuwa la Kirundi na juu yake pameandikwa Bantu. Mrundi alilisoma akafurahi. Mzigua aliyetoka Somalia, ambaye mababu zake walichukuliwa utumwani kutoka kule kwetu Tanga karne ya 19 na ambaye hadi leo anasema Kizigua, alilitazama na hakuona chochote kilichomhusu. Naye pia ni Mbantu. Tangu 2016 majedwali yamebadilika, na sasa tuko katika kundi liitwalo "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Ni afadhali, nalisema kwa dhati. Angalau jina letu limo. Ila kundi hilo linamchukua Mzulu wa Durban, Mganda wa Kampala na Mbembe wa Fizi, na kuwapa mstari mmoja.

Madhara yake niliyaona kwa macho yangu. Katika kliniki moja mama mwingine, mtu mzima wa kutoka Uvira, alikuwa amepewa mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Mimi nilikuwa hapo kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Mama akasema tumbo inamuuma, na kwamba "munganga" alishamupatia dawa ya kunywa lakini haikumusaidia. Sauti kwenye simu ikamtafsiria daktari kwamba amekuwa akitumia dawa za mganga wa kienyeji. Daktari akabadilika uso, akaanza kuuliza mizizi gani, majani gani. Mama hakuelewa ghadhabu imetoka wapi. Kwa Kiswahili cha Kongo, munganga ni daktari. Yule mama alikuwa akisema juu ya daktari wa hospitali, aliyemwandikia vidonge, na vidonge vilikuwa kwenye mkoba wake. Mkalimani hakuwa mjinga. Pengine Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Tena sisi Watanzania tungepaswa kukumbuka kwamba hata kwetu daktari wa serikali wa ngazi ya juu anaitwa Mganga Mkuu. Lakini alipewa neno "Kiswahili" kwenye skrini yake, na neno hilo halikumwambia Kiswahili cha wapi.

Ndivyo ilivyo pia shuleni, mama anaposema "batoto beko ku masomo" na mtu wa Dar es Salaam anasikia wako kwenye kujisomea, kumbe wako shule. Sisemi Kiswahili cha Kongo ni kibovu. Nimekulia Kigoma, nimekinunulia samaki, kina ufasaha wake. Nasema kwamba sanduku moja lenye neno moja linaficha umbali ambao mgonjwa anaulipia.

Shule za jiji hili zina wanafunzi wenye lugha zaidi ya 100, na Kiswahili ni kati ya zile zinazotajwa zaidi baada ya Kihispania. Mzazi anapomwandikisha mtoto hupewa fomu yenye maswali manne: lugha inayotumika zaidi nyumbani ni ipi, mtoto alianza kuongea kwa lugha gani, nyumbani yeye hutumia lugha gani, na wewe mzazi unamsemesha kwa lugha gani. Nimekuta wazazi wanaoandika Kiingereza mara nne. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia mtoto wa jirani aliwekwa darasa la wasiojua Kiingereza akachekwa. Namwelewa mzazi huyo, na bado namwambia amekosea. Akiandika Kiingereza mara nne mtoto hapimwi, na asipopimwa hapati mwalimu wa kumsaidia. Angeandika ukweli, mtoto angefanya mtihani wa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na hata baada ya hapo mzazi ana haki ya kukataa hilo darasa kama halipendi. Mtoto anayecheka na wenzake koridoni kwa Kiingereza baada ya mwaka mmoja hajafika bado. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, amekuwa akionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba lugha ya michezo huja ndani ya miaka kama miwili, na lugha ya kitabu cha sayansi huchukua mitano hadi saba. Wazazi wengi wanasikia ile ya kwanza wakadhani ya pili nayo imefika.

Kuna watu wetu, na wengine ni marafiki zangu, wanaosema mjadala huu wote ni wa kubembeleza uvivu. Wao walifika, wakajifunza, wakafaulu. Waache na wengine wajifunze. Nawaheshimu, ila naomba wamwangalie yule mama kwa karibu. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja Fizi. Kalamu aliishika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka zaidi ya 40. Alipofika hapa alitakiwa kuanza kazi ndani ya miezi michache. Akaanza kiwandani, mahali ambapo mashine zinanguruma kiasi kwamba hata Kiingereza cha Mmarekani hakisikiki, akitoka saa moja asubuhi, na darasa la Kiingereza likianza saa tatu. Alikwenda. Nimeona daftari lake: kurasa mbili zimejaa herufi kubwa, nyingine zimechorwa mistari pale usingizi ulipomchukua na kalamu ikateleza. Dodoso linauliza kuongea tu. Halina mahali pa kuuliza kama mtu anaweza kusoma, kwa lugha yoyote. Mtu asiyejua kusoma Kiswahili hasaidiwi na barua iliyotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu. Anahitaji sauti ya mtu. Na jambo hilo halimo kwenye jedwali lolote ninalolijua.

Mwaka 2025 mambo yamekuwa mazito zaidi. Tarehe 1 Machi Rais Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na amri hiyohiyo ikafuta ile ya Rais Clinton ya Agosti 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu ziwe na mipango ya kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Tangu siku hiyo napigiwa simu na watu wanaouliza kama ukalimani umepigwa marufuku. Haujapigwa marufuku. Amri ya rais inafutwa na amri ya rais mwingine. Sheria ya 1964 ilipitishwa na Bunge, na bado ipo, na hukumu ya 1974 bado ipo, na hospitali bado inadaiwa mkalimani. Kilichopungua ni msukumo kutoka juu. Idara ambayo zamani ilitakiwa itutafute, sasa inaweza kukaa kimya ikisubiri tuijie na hesabu mkononi. Na hesabu ndiyo ile inayojazwa kwenye meza za jikoni na vijana wa miaka 17. Zamani kosa la kisanduku liliweza kufunikwa na nia njema ya ofisi fulani. Sasa hakuna wa kulifunika.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema tusubiri serikali irekebishe fomu. Ningependa irekebishwe, iwe na nafasi ya lugha mbili na swali la kusoma. Lakini fomu hizi hubadilika polepole sana, na swali hili limekaa vilevile tangu 1980. Kitu kilicho mikononi mwetu leo ni jinsi ya kulijibu. Makanisa yetu yana watu wanaopiga simu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya msiba na harusi. Wanaweza kupiga simu hizo hizo kuuliza nani amepata bahasha ya sensa. Wakalimani tunaweza kukaa na familia bila kulipwa kwa nusu saa. Na kwa vijana wetu nina ombi moja. Kabla hujatia alama kwa niaba ya mama, muulize kama angeweza kwenda peke yake kwa daktari, akaelezwa juu ya upasuaji, akaelewa, akauliza swali, na akakataa kama hataki. Kama jibu ni hapana, basi kisanduku cha juu si chake, na kumwekea hapo si kumheshimu.

Nilimuuliza yule kijana swali hilohilo jikoni pale. Alikaa kimya. Halafu akasema, kwa Kiingereza, kwamba mwaka jana yeye ndiye aliyemwambia mama yake kwamba uvimbe alionao lazima upasuliwe. Hakukuwa na mkalimani siku hiyo. Alikuwa na miaka 16, na hakujua neno la Kiswahili la alichoambiwa na daktari, kwa hiyo alimwambia mama yake kwamba watatoa "kitu kidogo". Mama alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kutafsiriwa. Sikutafsiri. Ilikuwa haki ya kijana kumwambia mwenyewe, na alimwambia, kwa Kiswahili, taratibu, akiwa ameinamia meza.

Mama alimshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto mdogo. "Kumbe ulibeba peke yako," akasema.

Tukarudi kwenye karatasi. Kalamu ilikuwa ya wino, kwa hiyo kijana alikata alama ya kwanza kwa msalaba na kutia nyingine kwenye kisanduku cha tatu. Kwenye nafasi ya lugha mama alisita, akauliza kama Kibembe kinaruhusiwa. Nilimwambia kinaruhusiwa, kwamba kwenye majedwali yanayochapishwa kitaingia kundi lilelile la Kiswahili, kwa hiyo majirani zake hawatapungukiwa kitu, na kwenye kumbukumbu za ndani kitakuwa na jina lake. Watoto wataandikwa Kiswahili, kila mtu na mstari wake.

"Basi andika Kibembe," akasema. Kijana akauliza lianze na herufi gani. Mama akamwambia ngoja, akavuta kijitabu cha dodoso upande wake, akachukua kalamu, na akaandika mwenyewe, herufi kubwa moja baada ya nyingine, kama zile za kwenye daftari.